Bafu la Bi Saumu

Nuru alinipigia simu asubuhi nikiwa nakoroga uji, na nilijua kabla hajasema neno, maana Nuru hanipigii asubuhi. "Da Tekla, mama katutoka," alisema, kisha akarudia, kama vile mara ya kwanza hakujisikia. Nikazima jiko. Mimi kilio changu huchelewa; hunijia wakati wenzangu wameshanawa uso na wanaulizana chai iko wapi. Nilichouliza kilinishangaza mwenyewe: "Anaoshewa wapi?" Nuru akavuta pumzi. Akasema shangazi zake wameshazungumza na watu wa msikitini, kule kuna chumba maalumu chenye kila kitu, gari litakuja kumchukua mchana. "Msimpeleke popote mpaka nifike," nikamwambia. Akauliza kwa nini. Nikamjibu kwamba hayo si ya kusemwa kwenye simu, nikakata, nikaenda kabatini kutafuta khanga ya kujitanda.

Sitasimulia kwetu wala jinsi nilivyofika Dar es Salaam. Hayo yana wasimulizi wake, na wengi wao huyatia chumvi kuliko mimi. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule niliotengeneza bafu la kwanza lililokuwa langu kuanzia mchoro hadi bomba la mwisho, kwa sababu ndio uliokuwa unanirudia kichwani njia nzima ya kwenda Mikocheni, nimekaa nyuma ya bodaboda, khanga inapeperuka, dereva ananiuliza kama ninaumwa. Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Temeke, kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Bafu letu lilikuwa mabati yaliyosimamishwa uani, mlango wake kipande cha turubai, na ilikuwa sharti uimbe ukiwa ndani ili mtu asikuingilie. Alfajiri tulipanga foleni kila mmoja na ndoo yake, na kwenye foleni hiyo ndipo niliposikia nani kaachika, nani kanunua jokofu, nani anapika nyama na mlango kaufunga. Nikishaoga naenda Mikocheni, kwenye duka la marumaru la Bwana Abbas, na huko nashinda nachora mabafu ya watu wengine. Jioni narudi kuimba kwenye mabati. Sikuona ajabu yoyote. Nilikuwa kwenye umri wa kutoona ajabu, nilikuwa na penseli nzuri, na nilijiona nimefika.

Nuru aliingia dukani siku moja ya joto akiwa ameshika ukurasa alioukata kwenye jarida la kigeni. Alikuwa likizo, alifanya kazi nje, kwenye nchi ambayo alisema hata jua lake ni la mgawo. Pichani palikuwa na bafu jeupe pee, sakafu ya rangi ya mchanga, kokoto laini pembeni, gogo lililolambwa na bahari likibeba taulo, na katikati, mbele ya dirisha, hodhi kubwa jeupe la kuogea ukiwa umelala. Hakuna ndoo, hakuna kopo, hakuna kamba ya kuanikia. "Nataka hivi kwa mama," alisema. "Mama mtu wa Kilwa, kakulia ufukweni. Tangu aanguke haendi kokote. Nataka nimletee bahari ndani." Nilimpenda hapo hapo. Bwana Abbas naye alimpenda, kwa sababu zake za kibiashara, na Nuru alipotoka akaniambia kwa ule upole wake wa kutisha, "Tekla, hii kazi nakupa wewe mwenyewe. Usiniaibishe." Nilirudi Temeke nikaota marumaru.

Bi Saumu nilimkuta sebuleni kwake, mguu juu ya stuli, mkongojo umeegemezwa kwenye televisheni. Hakuwa mzee. Nikihesabu sasa naona alikuwa na umri ninaoukaribia mimi leo, ingawa wakati ule kwangu alikuwa bibi kizee. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba mwanangu. Wewe ndo yule wa bahari?" Nikasema ndimi. Akaanza kucheka. "Mie kwetu, ukitoka pwani mama anakusimamisha mlangoni. Hukanyagi ndani mpaka mchanga wote utoke miguuni. Leo mwanangu anauleta kwa gharama!" Akacheka mpaka mkongojo ukaanguka. Kisha akanipeleka kuona bafu lake, hatua kwa hatua, mkono mmoja ukutani. Lilikuwa chumba chembamba chenye giza, na mlangoni palikuwa na kizingiti kirefu cha saruji. Hapo ndipo alipoanguka akavunjika nyonga. Toka siku hiyo hakuoga peke yake. Jirani yake Bi Tatu alikuja kila asubuhi kumwogesha. "Naogeshwa, mwanangu," alisema, na hakuwa anacheka tena. "Nashikilia khanga, mwenzangu ananimwagia maji. Mie! Mie niliyeogesha watu Mikocheni nzima." Nikadhani alikuwa mkunga. Sikuuliza, maana nilikuwa nimeshatoa futi kamba na nilitaka aone kwamba najua kazi.

Kazi ilipoanza nikawa nakula pale kila mchana. Bi Saumu hakukubali fundi ashinde na njaa nyumbani kwake, na alipika ameketi, mguu umenyooshwa, jiko la mkaa mbele yake, ingawa la gesi lilikuwepo na Nuru ndiye aliyelinunua. Mihogo ya nazi, changu wa kukaanga, siku nyingine kisamvu kilichopikwa mpaka kikawa laini kabisa. Fundi wetu alikuwa Athumani, Mmakonde wa Newala, mtu wa maneno machache na mikono mizuri, na alikula kimyakimya ubaoni huku mimi nimekaa kwenye ngazi ya jikoni. Ndani, Bi Saumu na Bi Tatu walizungumza, nami nilisikia kila kitu kupitia dirishani. Walizungumza vifo kama wengine wanavyozungumza harusi. Fulani alioshwa vizuri, alitoka anang'aa. Fulani, maskini, maji yalikuwa ya chumvi. "Zamani bwana tulichimba shimo chumbani, chini ya kitanda, maji yanaingia humo yanafukiwa, imekwisha," alisema Bi Tatu. "Sasa nani akubali umvunjie marumaru zake?" Ndipo nikaelewa. Hawakuwa wakunga. Bi Saumu na mwenzake ndio waliokuwa wakiitwa mwanamke anapofariki, kwenda kumwosha.

Nilikuwa nimechora bafu zuri, sisemi uongo. Nililiunganisha na stoo ya nyuma ili lipate upana, nikafungua dirisha kubwa upande wa kaskazini, na choo cha kukaa nikakiweka kitazame dirisha hilo, mtu akikaa aone mnazi wa jirani. Athumani akalaza bomba kama mchoro ulivyotaka. Bi Saumu alikuja kukagua, akasimama na mkongojo wake mbele ya lile tundu sakafuni, akatazama dirisha, akatutazama sisi. "Mtu akikaa hapa anaelekea wapi?" Nikamwambia kwa fahari anaelekea mnazi. "Nyuma ya mnazi kuna nini?" Nikasema kuna ukuta, halafu nadhani kuna barabara. "Kuna Makka, mwanangu!" Mimi mtoto wa misheni, sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kibla kinaingia mpaka chooni, kwamba Mwislamu hajisaidii akiwa ameelekea huko wala akiwa amekipa mgongo. Lakini Athumani alikuwa Mwislamu, anaswali swala zake zote kwenye kipande cha boksi pembeni ya saruji. Bi Saumu akamgeukia. "Na wewe Athumani?" Athumani akatazama miguu yake. "Mie niliona mchoro mama, nikasema labda ndo kisasa." Nilitaka ardhi inimeze, lakini Bi Saumu alikuwa ameshaanza kucheka, na mwishowe hata Athumani alicheka, akachukua tindo akaanza kubomoa.

Siku iliyofuata nilimkuta Athumani amesimama nje ya lile bafu ambalo halijawekwa hata marumaru moja, mikono kiunoni. "Sista, mie humo siingii," alisema. Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba. Bi Saumu alikuwa amewaamuru vijana wa jirani wakiingize, naye alikuwa amesimama kandoni mwake, ameridhika. "Tekla, njoo ulale hapa." Nilifikiri labda ni mzaha wake mwingine, lakini hakuwa anatania, na mimi nilikuwa sina ujasiri wa kumkatalia mtu aliyenilisha samaki. Nikavua viatu nikalala, nikitazama zege tupu juu. Akaanza kunizunguka, taratibu, mkongojo mkono mmoja, mkono wa pili akiuinua kama anamimina maji kwa kopo. Kiwiko kikagonga ukuta. "Hapa pamebana," akasema. Akazunguka upande wa pili. "Na hapa watu wawili hawapiti." Kisha akaweka mkongojo chini, akaegemea kitanda, akanishika bega na nyonga, akanigeuza ubavu. Sijawahi kushikwa vile, kabla wala baada. Mkono ulikuwa mzito na mpole, unaojua unakoenda. "Hivi ndo anavyogeuzwa mtu," alisema. "Si kama gunia. Hata kama hasikii."

Nikaketi kitandani naye akaketi pembeni yangu, na hapo akaniambia yote bila kuzunguka. Alinisimulia mwanamke mmoja wa Sinza, rafiki yake tangu usichana, aliyefia kwenye nyumba nzuri yenye bafu zuri la kioo. Kitanda hakikuingia. Ikabidi wamwoshe mlangoni, nusu ndani nusu koridoni, wamemkunja magoti, maji yamejaa kwenye sakafu, wao wanayakanyaga, mmoja akateleza. "Nililia pale, Tekla. Si kwa sababu kafa. Kufa tutakufa. Nililia kwa kuwa tulimkunja." Alitaka mambo mawili kwenye bafu hili, akasema, na bahari niiweke popote nitakapo. La kwanza, aweze kuingia na kutoka na kuoga mwenyewe, asishikwe na mtu, mpaka mwisho wake. La pili, mwisho ukifika, aoshwe humu humu ndani kwake, amenyooka, watu wamemzunguka kwa raha. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Nuru. "Nuru? Nikitaja kifo tu anaziba masikio, anasema nachuria. Babake alikufa yeye yuko huko, hakumwona. Mwache. Wewe unajua, Bi Tatu anajua, inatosha."

Haikutosha, maana katikati ya ule upana wote palikuwa na hodhi la Nuru, limeshalipiwa, limeshashushwa uani na limefunikwa kwa nailoni. Nilichora upya bila hodhi, nikatuma mchoro, na Nuru akapiga simu dukani akiwaka moto. Alisema hilo hodhi ndilo roho ya bafu lenyewe, kwamba bila hodhi hapo hakuna ufukwe, kuna bafu la shule ya bweni. Nikamwambia mama hawezi kuvuka ukingo wake. Akasema tuweke ngazi. Nikasema ngazi ni kizingiti kingine. Akasema basi atatafuta mtu mwingine wa kuchora. Bwana Abbas alikuwa amesimama mbele yangu muda wote huo, anazungusha tasbihi yake mezani. Nilikuwa na sababu moja iliyobaki na sikuwa na ruhusa ya kuisema. Nililia chooni, kile cha dukani, nikanawa, nikaenda kwa Bi Saumu kumwambia nimeshindwa. Yeye akachukua simu yake, akampigia bintiye, akaongea kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Nuru, mie mtu mzima unataka nilale majini kama mhogo uliolowekwa? Mwanangu, unataka nioge au unataka nipigwe picha?" Akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akalegeza sauti. "Najua. Najua mama. Bahari utaniwekea. We niwekee nisimame mwenyewe." Hodhi lilirudishwa dukani, na Bwana Abbas akaninunulia soda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Ndipo bafu likaja lenyewe. Nilipokubali kwamba sakafu lazima ibaki tupu, kila kitu kingine kilipata mahali pake. Choo na sinki la kunawia nikavipeleka ukuta mmoja. Kizingiti kikaondoka, koridoni na bafuni pakawa sawasawa, mlango ukapanuliwa. Bomba la mvua halikuwa na kioo wala pazia. Marumaru za rangi ya mchanga mkavu, zisizong'aa, zisizoteleza. Kuta nyeupe. Mstari mmoja wa rangi ya maji ya kina kifupi, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, kwa sababu Bi Saumu aliogea kwenye kigoda. Gogo la baharini nililipata, likawa la kushikilia, Athumani akalifunga ukutani kwa nondo mpaka likaweza kubeba mtu. Makombe ya baharini Bi Saumu aliyakataa katakata, akisema yananuka, na kweli, niliyoyaleta yalinuka, tukayatupa. Wageni waliokuja baadaye walisema limekaa kisasa sana, halina makorokoro. Nilipokea sifa hizo. Hakuna aliyejua kwamba huo usasa wote ulipimwa kwa kitanda cha kamba.

Kilichobaki kilikuwa maji. Athumani alimwaga ndoo nzima sakafuni tukasimama kutazama, na maji yakaenda vizuri kwenye tundu lake, ila kwenye kona ya dirishani yakabaki kidogo, ya kujaza sahani. Mimi nilisema hayo yatakauka. Bi Saumu akayatazama. "Maji yangu yasimame pale, watu wayakanyage?" Athumani, ambaye sikuwahi kumweleza chochote, alimtazama mama yule, akanitazama mimi, akaenda kuchukua tindo. Alivunja kona nzima, akaipandisha upya, akamwaga ndoo nyingine. Halikubaki tone. Asubuhi ya kwanza Bi Saumu alipoingia kuoga, tulijikuta sote tumesimama koridoni kama wajinga, mimi, Athumani na Bi Tatu, tunasikiliza. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kwanza kimya, kisha mkongojo, kisha maji, kisha sauti yake akighani wimbo wa zamani, kwa nguvu, kama tulivyokuwa tunaimba kule Temeke. Bi Tatu akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Kajifungia," alisema. "Mwezi wa ngapi huu hajajifungia."

Alioga peke yake toka siku ile. Nilitegemea yule mama angeondoka upesi, kwa vile alivyokuwa amejiandaa, lakini alikaa, akamzika Bi Tatu, akaniita kwenye sikukuu zote, zake na zangu, na mkongojo ukabadilishwa mara nyingi kuliko bomba. Nuru alirudi nchini akaishi naye. Mimi nilichora mabafu mengine, mengine ya watu wakubwa, na kila mara nilimwuliza mwenye nyumba swali ambalo wengi wao waliliona la ajabu: kitanda kitaingia? Wengine walinifukuza kwa swali hilo. Bi Tatu alipokwenda nilijua kwamba nimebaki mimi peke yangu ninayejua, na sitaficha, jambo hilo lilinitisha. Nilikuwa naogopa kufa kabla yake.

Nilipofika Mikocheni wanawake walikuwa wameshaketi kwenye mikeka na gari lilikuwa getini. Nuru alinishika mkono tukaingia jikoni, na shangazi zake wawili wakatufuata. Nikasema. Nilisema yote, kitanda, mwanamke wa Sinza, magoti, maji, hata ile kona. Shangazi mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Dada, tunakushukuru. Lakini wewe si wa dini yetu, na jambo hili hakutuambia sie." Alisema kweli. Nuru hakuwa anamtazama yeyote. Alitoka jikoni, akaenda mpaka mlango wa bafu, akaufungua, akasimama pale. Lilikuwa limechakaa, mstari wa bluu umepauka, gogo limekuwa jeusi kwa mkono wa mama yake. Alitazama sakafu ile tupu kwa muda mrefu, kutoka ukuta hadi ukuta. "Kumbe ndo maana mlininyima hodhi langu," alisema. Akageuka. "Shangazi, waambieni wa gari watuletee kitanda tu. Mama anaoga kwake."

Kitanda kiliingia bila kuinamishwa. Mimi sikuingia, nilibaki koridoni, palepale nilipowahi kusimama. Mlango ukafungwa kwa ndani. Harufu ya kafuri ikapita chini yake, kisha nikasikia maji, na sauti ya Nuru, ambaye zamani aliziba masikio, akisema, "Taratibu, shangazi. Tumgeuze taratibu." Hapo kilio changu kikafika, na hakikunipa nafasi hata ya kukaa chini. Walipomaliza Nuru alitoka wa kwanza, mikono imelowa mpaka viwikoni, akasimama mbele yangu kama mtu anayeleta majibu ya kazi aliyotumwa. "Maji hayakusimama popote, da Tekla," alisema. "Nimeangalia mpaka kwenye kona."